Chokoleti za Mfuko wa Nyuma

Naona aibu kuisimulia hii, lakini nitaona aibu zaidi mkiisikia kwa watu wengine, maana najua video imeshafika Merrylands na kuna watu pale kanisani wakiniona wanageukia ukutani mabega yanatikisika. Kwa hiyo bora niwaambie mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, mke wangu ameshacheka mpaka kaugua mbavu. Ila naomba jambo moja tu, mkimaliza kucheka mjue kwamba kilichokuwa kwenye suruali yangu siku ile kilikuwa chokoleti.

Binti yetu Neema mnamfahamu, yule wa kwanza, tulikuja naye kutoka Dodoma akiwa mdogo na Kiswahili anakielewa chote ila ukimwita aje kula anakujibu kwa Kiingereza. Sasa Neema akapata mchumba, kijana wa hapahapa Sydney anaitwa Callum (mke wangu anamwita Kalamu, na kijana anaitika bila shida), na mimi kwa kijana mwenyewe sikuwa na tatizo, kijana ana adabu, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia aache. Tatizo langu lilikuwa utaratibu. Neema alitaka nitoe baraka kwa simu, mimi nikasema binti yangu hatoki kwa simu, wazazi wa kijana waje nyumbani Toongabbie, wakae sebuleni, waseme wamekuja kuomba nini, mimi nijifanye sielewi, waseme tena, mimi nisafishe koo na kuangalia dari, yaani posa iombwe kama posa. Neema akawaeleza wakakubali, wakasema watakuja mwezi unaofuata, ila mama yake Kalamu, anaitwa Robyn, akasema kabla ya mambo hayo ya rasmi ingekuwa vizuri tufahamiane kwanza, na akatualika kwenye kitu wanachofanya yeye na mumewe kila mwaka. Wanakodi basi dogo na dereva, wanakwenda bonde la Hunter kule kaskazini kwenye mashamba ya mvinyo, wanazunguka mashamba matatu wakionja mvinyo na vitafunwa, halafu njiani kurudi kila mtu anataja shamba lililoshinda na kwa sababu gani, na wanabishana mpaka nyumbani.

Mimi wiki nzima niko ghalani Villawood nimevaa lile vesti la kung'aa, kwa hiyo nikasema siku hiyo nitatoka kama baba wa bibi harusi anavyotakiwa kutoka. Nikanunua suruali ya rangi ya krimu, nikaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, na shati jeupe na tai. Mama Neema akaniangalia akasema nivae ile nyeusi, nikamwambia nyeusi ni ya misiba.

Kuna jambo jingine lazima mlijue, na hapo ndipo mzizi wa balaa lote ulipo. Muda si mrefu kabla ya hapo daktari alikuwa ameniambia nina sukari. Mama Neema alijua, yeye anafanya kazi nyumba ya wazee na huwezi kumficha dawa mtu wa namna hiyo, lakini watoto sikuwaambia, na wakwe ndio kabisa. Niliona mtu anayesubiri kuombwa posa hawezi kuanza kwa kutangaza magonjwa, wataona wanaoa kwenye ukoo wa wagonjwa. Daktari alisema mvinyo nikionja kidogo na chakula hapana ubaya, ila pipi, soda, keki na chokoleti nivisahau.

Basi tukafika shamba la kwanza, jengo la mawe, giza ndani, mapipa yamepangwa hadi juu na harufu kama kanisa lililofungwa tangu Krismasi. Tukasimama kwenye kaunta, dada mmoja akatumiminia glasi za kwanza, kidogo kabisa, mpaka nikadhani chupa imeisha. Baba yake Kalamu, Graham, fundi umeme mstaafu, mtu mrefu na mkimya, tangu watupitie asubuhi alikuwa hajasema zaidi ya salamu. Mimi katika kutafuta maneno nikasema kwetu Dodoma pia tunalima zabibu, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Graham akageuka akauliza, mara mbili? Nikasema mara mbili. Akanitazama kama nimemwambia kwetu mvua inanyesha kwa ratiba, na jamani, ule mtazamo ulinilewesha kuliko mvinyo wowote wa siku ile. Nikaanza kuwa mtaalamu. Nikazungusha glasi, nikanusa, nikafumba macho. Ule mweupe nikasema unanikumbusha ukwaju ambao haujaiva vizuri, ule mwekundu nikasema ni zambarau zilizolala juani siku moja, na yule dada wa kaunta akaomba nirudie ili akariri. Mama Neema alinitazama juu ya miwani. Anazijua safari zangu zinavyoanza.

Halafu zikaja chokoleti. Kila mvinyo una chokoleti yake juu ya kibao, moja ina chumvi, moja ina pilipili, moja laini ndani kama uji. Robyn akatueleza amechagua mashamba haya maalumu kwa sababu ya chokoleti, kwamba kila mwaka huwa wanaonja na jibini ila mwaka huu kwa ajili yetu ametaka kitu kizuri zaidi, halafu akanitazama mimi, anangoja. Sentensi yenyewe ni ya maneno mawili tu, "nina sukari", ningeisema ingekwisha. Badala yake nikachukua ile chokoleti, nikapeleka mkono mdomoni, nikatafuna hewa, nikafumba macho nikasema "mmm", na nikijifanya najifuta kwa kitambaa cha karatasi nikaifungia humo na kuitumbukiza mfuko wa nyuma (wa mbele ulikuwa na simu na funguo). Robyn akafurahi. Nilifanya hivyo kwa chokoleti zote za shamba la kwanza, na nakwambieni kweli, nilijiona mjanja.

Tukarudi kwenye basi. Ilikuwa joto lile la Februari ambalo hata vioo vya gari vinachoma, na mimi nikakaa. Nikakaa barabara, huku nawaeleza wakwe udongo wa Hombolo, kule kwetu Dodoma, ulivyo.

Shamba la pili lilikuwa vioo vitupu, limejengwa juu ya kilima, unaona mizabibu imepangwa kama nywele zilizosukwa. Pale hatukusimama kaunta, tuliketishwa kwenye makochi yenye mito meupe, na kochi la nyuma yetu lilikuwa na kundi la wasichana waliomleta mwenzao anayekaribia kuolewa, wote wamevaa mikanda ya rangi ya waridi na wameshaonja mashamba mengi kuliko sisi. Zikaja chokoleti nyingine, laini kuliko zile za mwanzo, nazo zikawafuata wenzao mfukoni. Nikahisi ubaridi kidogo kule nyuma, halafu umajimaji, nikafikiri ni jasho.

Graham ndiye aliyeniita. Akaniomba tusimame dirishani nimwonyeshe kwetu mizabibu inakatwa vipi, yaani mtu aliyekaa kimya toka asubuhi sasa ananiuliza mimi, nami nikainuka kwa madaha yote, nikatembea hadi kwenye kioo, nikawapa mgongo watu wote waliokuwa mle ndani na kuanza kuonyesha kwa kidole.

Kwanza wale wasichana wakanyamaza. Nikadhani wanasikiliza somo. Halafu nikasikia viatu vya Mama Neema vinakuja, si mwendo wake wa nyumbani, ule wa kazini, laini na wa haraka, akanishika kiwiko na kusimama nyuma yangu karibu sana.

"Baba Neema," akasema chini kwa chini, "usikae popote. Tembea taratibu, mimi niko nyuma yako."

Nikamwambia sijalewa. Akasema anajua sijalewa. Nikamuuliza sasa nini, na hapo akatumia sauti ambayo katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia, sauti anayowasemesha wale wazee wake: "Si kosa lako, baba. Linampata mtu yeyote. Twende tukajisafishe."

Nikatazama lile kochi nililotoka. Kwenye mto mweupe kulikuwa na doa la kahawia, kubwa, limetulia katikati pale pale nilipokuwa nimekaa. Robyn alikuwa ameshaanza kuugeuza ule mto, polepole, anatabasamu huku anaangalia pembeni kama mtu anayepanga maua. Neema amejifunika uso. Kalamu anasoma lebo ya chupa ambayo haikuwa na maandishi upande ule. Nikapeleka mkono nyuma na kugusa, ukarudi umejaa.

"Ni chokoleti," nikasema.

"Ndiyo, baba," Mama Neema akajibu kwa sauti ileile. "Ni chokoleti."

"Mama Neema, nakwambia ni chokoleti."

"Nimekusikia. Twende."

Sasa mimi hapo ningefanya nini. Mke wangu haniamini, wakwe wanainamisha macho, wasichana wanashikana mikono, na mimi ninao ushahidi kwenye vidole. Akili ikaniambia, mzee, wathibitishie. Basi mbele yao wote nikainua kidole nikakilamba.

Msichana mmoja akatoa sauti kama paka aliyekanyagwa. Graham akashika kioo. Robyn akaja mbio, macho yamejaa machozi ya huruma, akanishika mkono ule mwingine (ule msafi) akaniambia taratibu kwa Kiingereza kwamba baba yake mzazi naye ilianza hivihivi, kwamba hapana haja ya kuona haya, kwamba sasa sisi ni familia. Mimi namwambia ni tamu, onja mwenyewe, naye anaitikia kwa kichwa tu na kuniita kwa jina, ndiyo Yohana, ndiyo, na hivyo wanawake wawili wakanisindikiza hadi chooni, mmoja kila upande, kama mtu anayetolewa hospitali.

Mama Neema akaingia nami akafunga mlango. Akaniambia nivue, nikavua, akaichukua ile suruali kwa vidole viwili, akaikunjua chini ya taa, halafu nikaona pua yake inacheza. Akanusa. Akatoa mfukoni karatasi iliyolowa na ndani yake chokoleti moja iliyobaki nzima, yenye chumvi juu. Akaitazama, akanitazama mimi nimesimama na tai, shati na bukta, akaketi kwenye sakafu ya choo cha watu na kucheka bila sauti mpaka nikadhani anazimia. Alipopata pumzi akauliza kwa nini sikukataa tu. Nikamweleza. Akaacha kucheka. Akasema, "Yaani umeona bora hivi kuliko kusema unaumwa," na likisemwa namna hiyo hata mimi naliona ni la kijinga.

Suruali akaifua kwenye sinki, ikazidi, lile doa lilitembea hadi magotini. Haikuwa ya kuvaliwa tena. Lakini Mama Neema hatoki nyumbani bila khanga kwenye mkoba, tena doti nzima, nyekundu na nyeusi yenye korosho kubwa. Akazichana kwa meno, kipande kimoja akanifunga kiunoni. Nikamwambia siwezi kutoka hivi, khanga mwanamume anavaa ndani kwake akitoka kuoga. Akafikiri kidogo, akachukua kile kipande cha pili akajitanda mabegani, akasema basi tutatoka sare, wataona ndivyo tulivyo. Niliona moyo wake pale, sitaki kuwaficha. Nikamshika mkono tukatoka.

Na hilo la sare ndilo lililoleta makubwa zaidi, kwa sababu kumbe Neema, katika kuwaandaa kwa ile posa ya mwezi unaofuata, alikuwa amewaambia kwamba siku hiyo wazazi watavaa mavazi ya nyumbani, na baba atakuwa amesimama, na wao ndio waanze kusema. Graham ameketi pale anashangaa mambo aliyoyaona, mara anatuona tunatokeza mlangoni, mume na mke, nguo moja nyekundu na nyeusi, tumeshikana mikono, tunatembea polepole (mimi natembea polepole kwa sababu fundo halikuniridhisha), na kichwani mwake kila kitu kikajipanga. Akaona ndiyo yenyewe imeanza. Alivyoniambia baadaye, hata kile cha kulamba kidole alifikiri huenda kilikuwa sehemu yake.

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Robyn akamvuta mkono akae, hakukaa. Akaja hadi mbele yangu, masikio mekundu, na watu wote mle ndani wakageuka kutazama, kwa sababu mtu mrefu namna ile akisimama rasmi hata wahudumu wanasimama. Akaanza kwa Kiswahili, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Baba. Mama. Shikamoo. Sisi ni wageni. Tumeona ua zuri nyumbani kwako. Tunaomba... kuliuma."

Nilijua anataka kusema kulichuma. Mama Neema akakohoa ndani ya khanga. Neema alikuwa amesimama nyuma ya Graham, anatikisa kichwa na kusema kwa midomo, Dadi, siyo leo, siyo leo, na sikujua anamwambia baba yupi kati yetu. Wale wasichana hawakuelewa neno hata moja, lakini msichana anayekaribia kuolewa akihisi harusi mahali haihitaji mkalimani, simu zote zilikuwa juu.

Mimi nilikuwa nimeipanga ile siku, jamani. Nilikuwa na maswali. Nilikuwa niwaulize ua gani, maana hapa maua ni mengi, niwaangalie wanavyobabaika, niwarudishe nyumbani mara moja ndipo waje tena. Ningeweza kumwambia Graham amekosea, hii si posa, mimi nimevaa hivi kwa sababu suruali yangu iko kwenye mfuko wa plastiki. Lakini nilimtazama yule mzee. Jasho linamtiririka shingoni. Alikuwa amekariri maneno ya lugha asiyoijua kwa ajili ya mwanawe, na anayasema mbele ya umati kwa mtu ambaye muda mfupi uliopita amemwona analamba kidole, na bado ananiita baba. Nikaona kwamba siku nzima nilikuwa nahangaika huyu mtu asinione mdogo, na yeye kumbe anaogopa kuliko mimi.

Nikasafisha koo, hiyo tu ndiyo niliyoibakiza katika mipango yangu. Nikamwambia kwa Kiswahili tumewasikia, ua ni lenu, ila msiliume. Neema akalia. Kalamu naye akalia, nadhani kwa kumwona Neema. Graham akanipa mkono, na mimi mkwe wangu siwezi kumpa mkono mmoja kama konda, heshima ni mikono miwili, kwa hiyo nikatoa na ule wa pili.

Ule wa pili ndio uliokuwa umeshika khanga.

Mama Neema aliidaka, mtu ambaye kazi yake ni kudaka wazee kabla hawajafika chini, lakini hakuwahi vizuri, na ukumbi mzima ukaona bukta yangu, ambayo Neema alininunulia Siku ya Akina Baba na ina kangaruu wamevaa miwani ya jua. Wasichana walishangilia mpaka glasi zikagongana. Yule anayekaribia kuolewa akaja kunikumbatia na kuniambia hajawahi kuona mila nzuri kama hii. Hiyo ndiyo video mliyoiona, na inaanzia kwenye bukta, ndiyo maana hamkuelewa.

Shamba la tatu tulikwenda, nami nikalionja nikiwa na khanga, sikujali tena. Kwenye basi tukirudi Robyn akaja kuketi kando yangu akaniuliza kwa upole kama ninapata msaada wowote, kama kuna daktari anayefuatilia kumbukumbu yangu, na nikaona haitoshi kuwa wakwe wamenivua nguo, sasa wananiuguza ugonjwa nisio nao. Nikawaambia wote. Nina sukari, sikutaka mjue, chokoleti nilikuwa naficha mfukoni. Robyn akashika mdomo, halafu akaanza kucheka, na Graham akacheka kicheko kirefu ambacho Kalamu anasema hajawahi kukisikia. Neema peke yake hakucheka. Alikuwa kiti cha mbele, akageuka akaniangalia, na akaniuliza kwa Kiswahili, bila kuchanganya hata neno moja:

"Baba, ungeanguka mimi ningejuaje?"

Nikamwomba msamaha, na kuanzia hapo hadi tunaona mataa ya mjini alikaa na mkono wake kwenye bega langu, amejipinda vibaya kwenye kiti, hakuutoa.

Wakabishana kuhusu mashamba kama kawaida yao. Robyn akalipa ushindi la kwanza kwa mvinyo mwekundu, Graham la tatu kwa kivuli, na walipofika kwangu nikasema shamba la pili, kwa sababu choo chake ni kikubwa, kina maji ya moto na mlango unafungika. Hakuna aliyenipinga.

Kwa hiyo ndugu zangu, kitu cha krimu mimi siweki tena mwilini, na kuficha nimeacha. Siku hizi nikialikwa mahali, kabla sijakaa, kabla hata ya kusalimiana vizuri, nawaambia wenyeji nina sukari. Mama Neema anasema sasa nimezidisha, juzi nimemwambia fundi bomba aliyekuja kuangalia sinki, na hakuwa amenikaribisha kitu.